Mgeni Amelala, Pesa Yake Imelala Wapi?

Hotuba hii ilitolewa na mweka hazina wa kikundi kimoja cha akina mama, mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia wanaojiandaa kwa ziara ya mafunzo nchini India. Tunaichapisha karibu kama ilivyosemwa, kwa sababu vikundi vingi ambavyo havikufika vimeiomba.



Nimeambiwa nizungumze kwa nusu saa tu. Nikipitisha, Mama Katibu atanionyesha leso, nami nitakaa chini.

Mimi si mtaalamu wa utalii. Mimi ni mweka hazina. Kazi yangu ni kuuliza shilingi imekwenda wapi. Kwa hivyo mtanisamehe, hata nikizungumza juu ya safari na vitanda nitarudi palepale kwenye shilingi.

Nianze na neno lenyewe, hoteli. Hapa kwetu mtu akikwambia twende hoteli, unajua ni chai na mandazi. Hakuna anayefikiri kitanda. Sasa mimi siku ya kwanza huko kusini mwa India niliona kibao kimeandikwa hoteli, nikaingia na sanduku langu nikaomba chumba. Kijana akaniangalia, akanikalisha, akaniwekea jani la mgomba mbele yangu na kunipakulia wali. Kumbe huko nako hoteli mara nyingi ni mahali pa kula! Nilikula, nikashiba, nikaendelea kutafuta pa kulala. Ndugu zangu, mkifika msicheke mtu, ulizeni kwanza: je, hapa mna vyumba?

Nimekwenda India mara mbili. Safari ya kwanza ilikuwa mwaka 2019, nilipompeleka shemeji yangu hospitali katika mji wa Chennai. Wengi hapa mnajua habari hiyo. Jamaa wanachanga, wanauza ng'ombe, mgonjwa anasafiri na mtu mmoja wa kumwangalia. Ajenti ndiye aliyetuchagulia pa kulala. Sikuuliza kitu, maana mawazo yangu yote yalikuwa kwa mgonjwa.

Ilikuwa mwezi wa Juni. Mwaka ule mabwawa manne makubwa yanayolisha mji wa Chennai yalikuwa yamekauka karibu kabisa. Hoteli yetu ilikuwa na kibao kizuri chenye jani la kijani. Bafuni kulikuwa na karatasi ya kumwomba mgeni atumie taulo lilelile mara mbili ili kuokoa maji. Nikasema, hawa ni watu wa maana. Usiku nikasikia lori. Nikachungulia dirishani, nikaona lori la maji linajaza tangi la hoteli. Asubuhi nikachungulia tena. Ng'ambo ya barabara akina mama na wasichana walikuwa wamepanga foleni na mitungi ya plastiki ya rangi rangi, wakingoja lori lao ambalo halijafika. Na chini ya dirisha langu kidimbwi cha kuogelea kilikuwa kimejaa, maji ya buluu, hakuna hata mtu mmoja ndani yake.

Mimi nimechota maji tangu nikiwa na miaka sita. Najua foleni ile. Na pesa iliyomlipa mwenye lori la usiku ilikuwa pesa yetu, ile ya ng'ombe. Hakuna aliyenidanganya. Mimi ndiye sikuuliza.

Safari ya pili ilikuwa mwaka 2023. Tulikuwa watu watano kutoka vikundi vitatu, tukaenda jimbo la Kerala kuwaona akina mama wa Kudumbashree. Jina hilo maana yake ni ustawi wa jamaa. Serikali ya jimbo ilianzisha mpango huo mwaka 1998. Wanawake kumi hadi ishirini wa mtaa mmoja wanakutana, wanaweka akiba, wanakopeshana, na kila nyumba inatoa mwanamke mmoja. Leo wanachama ni zaidi ya milioni 4. Mara hii nilisema, bila ajenti. Tutauliza wenyewe.

Na ninyi mnaokwenda sasa mnabeba mchango wa wanachama. Ni pesa ya maziwa, ya mayai, ya vikapu. Mama aliyetoa shilingi mia mbili hatapanda ndege. Anaamini mtarudi na kitu. Sasa kila usiku mtakaolala India, sehemu ya shilingi yake italala mahali fulani. Nataka mjue ni mahali gani.

Basi nitawapa maswali matano ya kuuliza kabla hamjalipa chumba.

Swali la kwanza: mwenye nyumba ni nani, na analala wapi?

India ni nchi kubwa ajabu. Ina majimbo 28 na watu zaidi ya bilioni 1.4, na tangu mwaka 2023 Umoja wa Mataifa unahesabu kwamba imeipita China kwa watu. Vitanda ni vya kila namna. Kuna hoteli za nyota moja mpaka tano zinazopimwa na serikali. Kuna makasri ya wafalme wa zamani yaliyogeuzwa kuwa hoteli. Kuna lodging za kawaida karibu na stesheni. Kuna nyumba za mahujaji wanazoziita dharamshala, kuna nyumba za wageni za makanisa. Halafu kuna nyumba za watu, ambapo mgeni hupewa chumba na kula na jamaa wa nyumbani. Hizi nazo serikali inaziandikisha na kuzipima. Kerala wana daraja tatu: almasi, dhahabu na fedha.

Sasa msifikiri kwamba kila kinachoitwa nyumba ya jamaa ni nyumba ya jamaa. Hapa lazima nitubu mbele yenu. Tulilipa siku mbili mapema mahali palipoandikwa hivyo. Picha ilikuwa ya bibi mwenye kijungu jikoni. Tulipofika, bibi hayupo. Mwenyewe anakaa mji mwingine mbali kabisa, hajaonekana tangu sikukuu. Kulikuwa na mlinzi, mpishi aliyefunga jiko saa moja jioni, na risiti hapana. Tuliondoka kesho yake na pesa ya usiku wa pili ikapotea. Niliporudi nyumbani nilisimama mbele ya wanachama nikaeleza usiku ule mmoja, wakaniuliza maswali mpaka jua likazama. Walikuwa na haki.

Kosa langu lilikuwa nini? Nililipa bila kuongea na mtu. Siku hizi vyumba vinatafutwa kwa intaneti, na ni vizuri kuangalia huko. Lakini wenye mitandao hiyo hukata sehemu yao kwenye pesa ya mwenye nyumba. Ukishaona jina, piga simu. Uliza: mama, wewe mwenyewe unaishi hapo? Utatupikia wewe? Wageni wangapi mnaweza kuwachukua? Mtu anayeishi pale atajibu mara moja, na nyuma yake utasikia kuku.

Na mkitoka stesheni, dereva wa bajaji anaweza kuwaambia ati nyumba yenu imefungwa, ati imejaa, ati iliungua. Anawapeleka kwingine ambako atapewa kitu kidogo kwa kuwaleta, na kile kitu kidogo kimo ndani ya bei yenu. Mwambieni asante, tupeleke hivyohivyo tukaone majivu.

Swali la pili: chakula kinatoka wapi?

Kule Kerala kuna mahali panaitwa Kumarakom, kando ya ziwa Vembanad. Hoteli kubwa zilijengwa pale, lakini mboga, mayai na samaki wengi wa hoteli vilitoka mbali. Wanakijiji waliona malori yakipita mbele ya mashamba yao. Mnaijua picha hiyo? Basi mwaka 2008, chini ya mpango wa jimbo wa utalii wa kuwajibika, vikundi vya akina mama vikaanza kulima kwa ajili ya hoteli zile.

Haikuwa kazi ya kuimba na kupiga makofi. Hoteli haitaki nyanya leo na hadithi kesho. Inataka kila siku, za ukubwa uleule, kwa bei inayojulikana. Kwa hivyo waliunda kamati ya bei, ambayo wenye hoteli na wakulima wanakaa meza moja, na kamati ya kukagua ubora. Mpango ulianzia mahali pane, Kumarakom, Kovalam, Thekkady na Wayanad, na mwaka 2017 serikali ya Kerala ikaunda idara maalum ya kuueneza jimbo zima.

Nawaambia haya kwa sababu mbili. Kwanza, hata hoteli kubwa inaweza kuwa jirani mwema. Msiwakatae kwa sababu ya ukubwa wao, waulizeni wananunua kwa nani. Mhudumu akikwambia hii ndizi ni ya kikundi cha mama fulani, kula. Pili, kamati ya bei ndiyo kitu kimoja ningewaomba mkaitazame kwa macho yenu wenyewe.

Na mchana msile hotelini mnakolala. Tafuteni mahali pa kula panapoendeshwa na akina mama wa Kudumbashree. Mwaka 2020 walifungua vibanda vya chakula cha wananchi kote jimboni, na bei ya mwanzo ya chakula cha mchana ilikuwa rupia 20. Bei imepanda baadaye, lakini bado ni ya mtu wa kawaida. Huko mtapata somo na chakula kwa sahani moja.

Swali la tatu: maji yanatoka wapi, na uchafu unakwenda wapi?

Mgeni huangalia shuka. Mimi nawaambia angalieni bomba la nyuma.

Ziwa Vembanad ni refu kuliko maziwa yote ya India. Tangu mwaka 2002 limeandikwa katika orodha ya dunia ya maeneo ya maji ya kulindwa. Juu yake zinatembea mashua za kulala wageni. Zamani zilikuwa mashua za kubeba mpunga, mbao zake zimefungwa kwa kamba za makumbi bila msumari. Watu wa pwani wakiziona watafurahi. Sasa zimegeuzwa kuwa vyumba, na mjini Alappuzha zimekuwa nyingi kupita kiasi. Mafuta ya injini yanavuja. Vyoo vingine vinamwaga ndani ya ziwa lilelile ambalo watu wanavua samaki na kuogea. Tulitaka sana kulala kwenye mashua. Tukauliza: choo kinamwagwa wapi? Wawili hawakutaka kujibu. Wa tatu akatupa mtumbwi mdogo wa kusukumwa kwa mti mrefu, hauna injini, hauna choo, saa tatu tu na unarudi nyumbani. Kwenye mtumbwi ule tuliingia vijito ambavyo mashua kubwa haifiki. Tuliona mama akiosha sufuria na mzee akisokota kamba. Na aliyetusukuma ndiye mwenye mtumbwi.

Upande wa kaskazini kabisa kuna Ladakh, nchi kavu ya milima. Mji wake Leh uko karibu mita 3,500 juu ya bahari. Mvua ni kidogo sana, wanaishi kwa maji ya theluji inayoyeyuka. Kwa desturi yao choo ni cha mchanga, hakitumii maji hata tone, na mwaka ukigeuka kinachotoka ni mbolea ya shamba. Wageni walipokuwa wengi, nyumba nyingi za wageni mjini zikaweka vyoo vya maji na kuchimba visima. Sasa mgeni akivuta mnyororo mara moja amemwaga maji ya kupikia ya siku. Mkifika mahali kama huko, chagueni choo cha mchanga bila aibu. Sisi wenyewe tumekulia kwenye choo cha shimo, tutaona haya gani?

Na plastiki. Tangu tarehe 1 Julai 2022 India imepiga marufuku vitu vingi vya plastiki vya kutumia mara moja, kama sisi tulivyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017. Mji mdogo wa Lachen, katika jimbo la Sikkim, ulijikatalia chupa za maji za plastiki wenyewe. Kila mtu achukue chupa yake ngumu kutoka nyumbani, na kila jioni aombe maji yaliyochemshwa. Msinywe ya bomba.

Swali la nne: jengo limesimama juu ya nini, na nani alikuwa pale kabla?

Hapa nipeni masikio yenu vizuri. Katika ziwa hilohilo la Vembanad kuna kisiwa kinaitwa Nediyathuruthu. Wavuvi walikuwa na nyavu zao pale, zile za kufungwa kwenye nguzo majini. Ikaja kampuni ikajenga kijiji cha wageni cha fahari, nyumba 54, na nyavu zikaondolewa. Wavuvi walikwenda mahakamani. Fikirini mvuvi na kampuni! Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Kerala ikasema majengo yamevunja sheria ya kulinda ukingo wa bahari na maziwa, yabomolewe. Kampuni ikakata rufani. Mwezi wa Januari 2020 Mahakama ya Juu ya India ikasema vilevile, yabomolewe. Mwaka 2022 kazi ya kubomoa ikaanza.

Tunaweza kupiga makofi. Lakini hesabuni miaka. Mvuvi aliyesubiri haki miaka yote hiyo, watoto wake walikula nini? Kama wageni wa kwanza wangeuliza nani alikuwa akivua hapa, labda mambo yasingefika mbali vile. Nayasema haya kwa vikundi vile ambavyo vimeletewa karatasi za kukodisha shamba la ufuoni kwa miaka mingi. Msitie kidole kwenye wino kabla ya kusomewa karatasi yote kwa lugha mnayoielewa.

Halafu kuna mji wa Joshimath katika milima ya Himalaya, njia ya mahujaji. Mwezi wa Januari 2023 ardhi ilididimia. Nyumba zaidi ya 800 zilipasuka kuta, na hoteli mbili zikaegemeana kama walevi wawili, zikabidi kubomolewa. Na kule Wayanad, Kerala, usiku wa kuamkia tarehe 30 Julai 2024, baada ya mvua kubwa sana mlima uliporomoka na watu zaidi ya 200 wakafa. Msimu wa mvua Kerala huanza karibu na tarehe 1 Juni. Wakati huo msichukue chumba kilichochimbwa ubavuni mwa mlima, hata kikiwa rahisi namna gani. Nendeni kati ya Oktoba na Machi. Ladakh ni kinyume, huko ni Juni hadi Septemba, na siku mbili za kwanza mpumzike tu, maana hewa ni nyembamba na kichwa kitauma.

Swali la tano: kijiji kizima kinapata nini, na msitu je?

Maana nyumba moja ikipata wageni kila siku na jirani hapati, mtaleta wivu. Tunajua wivu, hata kwa kisima.

Kule Ladakh, vijijini ndani ya mbuga ya Hemis, kulikuwa na shida ya chui wa theluji. Anaingia zizini, anaua kondoo, watu wanamuua. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijiji kama Rumbak vilianza kupokea wageni nyumbani. Wageni wanapangwa kwa zamu, leo nyumba hii, kesho ile. Asilimia 10 ya mapato inaingia mfuko wa kijiji wa kutunza mazingira. Sasa chui aliye hai analeta mgeni, na mgeni analipa. Ni zamu, kama merry-go-round yetu, isipokuwa kinachozunguka ni mgeni.

Na Thekkady, katika hifadhi ya chui-milia ya Periyar, tulitembea na waongozaji wa kikundi kilichoanzishwa na watu waliokuwa wakiingia msituni kwa siri kubandua magome ya mdalasini mwitu. Walikuwa wanakamatwa, wanafungwa, wanarudi msituni. Katika miaka ya 1990 walikubaliana na watu wa misitu: waache wizi, kesi zao ziangaliwe, nao wawe waongozaji na walinzi. Wanaujua msitu kuliko mtu yeyote, kwa sababu waliuibia. Tulipomaliza matembezi nilimpa mwongozaji wetu pesa mkononi. Akakataa. Akasema, mama, lipa ofisini upate risiti, tunagawana. Mimi mweka hazina nilitaka kumkumbatia.

Sasa mambo madogo ya safari, haraka haraka.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya, na chanjo ipigwe siku kumi au zaidi kabla ya safari. Viza ombeni mapema. Mwenye nyumba anatakiwa kuripoti mgeni wa kigeni kwa serikali ndani ya saa 24, ndiyo sababu lodging nyingine ndogo zitawakataa. Si chuki, hawajui zile karatasi. Ulizeni kwa simu: mnachukua wageni wa nchi za nje? Kati ya mji na mji pandeni garimoshi. Karibu reli yote sasa inatumia umeme, na mkisafiri usiku mnaokoa bei ya kitanda. Vueni viatu mlangoni. Kuleni kwa mkono wa kulia. Msimpige mtu picha bila kumwomba. Mnakumbuka wale wageni waliotupiga picha tukiwa shambani, na nguo zetu za kazi? Basi.

Namaliza, maana naona leso.

Usiku wa mwisho tulilala kwa mama mmoja mjane, chumba safi, feni, kuoga kwa ndoo. Hatukuwa na lugha, mimi na yeye, ila Kiingereza cha kuokoteza. Baada ya kula akaingia ndani akaleta daftari lake la kikundi. Nikaleta langu, maana mimi hulibeba kila mahali. Tukayaweka mezani. Maandishi yake ni ya duara, sikusoma hata neno moja. Lakini mistari niliitambua: jina, akiba, mkopo, faini. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa mkopo, halafu akaonyesha kitanda changu. Nikaelewa. Kile kitanda alikinunua kwa mkopo wa kikundi, na mimi kwa kulala juu yake nilikuwa namsaidia kulipa.

Asubuhi nilimlipa. Akahesabu mbele yangu, akatoa kidogo, akaandika.

Kwa hivyo wajumbe, hesabu mtakayotuletea mkirudi isiseme tu malazi, usiku kumi, kiasi fulani. Iseme tulilala kwa nani. Mama wa shilingi mia mbili atauliza.



Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Mgeni akilala katika eneo lenu leo, pesa yake inabaki kwa nani? Taja watu watano wanaoipata na watano wasioipata.

2. Kama hoteli iliyo karibu ingeomba mboga kila siku, kikundi chenu kingeweza kuleta kwa miezi mingapi bila kukosa? Mnahitaji nini ili kufanya hivyo?

3. Kuna mtu amewahi kuja kutaka kukodi au kununua ardhi, ufuo au chemchemi inayotumiwa na wengi? Nani alisomewa karatasi, na nani hakuitwa?

4. Mkipeleka wajumbe safarini, wanarudi na hesabu ya namna gani? Andikeni pamoja mambo ambayo lazima yaonekane kwenye hesabu hiyo.